Vyanzo Viwili Visivyojuana

Jengo lile lilikuwa na ghorofa tatu, na mlangoni palikuwa na kibao cha Idara ya Vipimo na Ramani, ili wapita njia wasijisumbue kuuliza. Ndani hapakuwa na mtu aliyepima chochote. Palikuwa na maafisa wa ujasusi wa jeshi, makabati ya chuma, birika la chai lililovuja tangu enzi za mkuu aliyepita, na mtu mmoja aliyeogopwa kuliko Jenerali mwenyewe. Cheo chake kilikuwa Brigedia, lakini pembeni walimwita Chujio, kwa sababu kila taarifa iliyoletwa na mpelelezi au mtoa habari ilipita kwake kwanza. Yeye ndiye aliyeamua ipi ipande juu kwa Jenerali na ipi ikafie kabatini. Jina hilo alilijua siku nyingi, ila alijifanya halijui, maana lilimpendeza.

Alianza kazi akiwa luteni mwembamba mwenye masikio makubwa. Miaka thelathini na moja baadaye mwili ulikuwa umejaa, masikio yamebaki yaleyale. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele ya safari kuna atakayetaka kumlaani. Mwaka wake wa pili kazini alitumwa kubeba jalada la mwalimu mmoja aliyefungwa miaka tisa kwa neno la jirani yake tu, jirani aliyekuwa akigombania naye mpaka wa kiwanja. Ukweli ulipojulikana, mwalimu yule alikuwa hajui tena majina ya watoto wake. Chujio alimwona siku anatoka, akala kiapo moyoni kwamba jambo lile halitatokea tena mikononi mwake.

Basi akaandika Mwongozo. Kilikuwa kijitabu cha buluu cha kurasa arobaini, ambacho kila afisa mpya alikikariri kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Kiini chake kilikuwa hiki: taarifa haithibitishwi mpaka isemwe na vyanzo viwili visivyojuana. Tena karatasi isiwe na jina la mtu, si la anayesemwa wala la anayesema, iwe na namba tu, ili msomaji asimwonee mtu wala asimpendelee. Kila chanzo kilipewa herufi kulingana na kinavyoaminika, kuanzia A ya mtu asiyetiliwa shaka hadi F ya mtu usiyeweza kumpima. Na mwenye undugu na anayesemwa asiguse jalada. Kwa ajili ya kanuni hizo watu wengi walilala majumbani mwao kwa amani, bila kujua kwamba kuna siku habari zao zilifika mezani kwa Chujio zikagonga mwamba.

Sasa tuje nyumbani kwake. Mkewe alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, akamwachia binti mmoja, mfamasia wa duka la dawa karibu na hospitali kuu. Binti aliolewa na kapteni wa kikosi cha mawasiliano, kijana mpole, fundi wa redio za jeshi, ambaye mbele ya baba mkwe wake alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Chujio alimpenda kwa namna yake, yaani hakuwahi kumwambia.

Miezi ya karibuni kapteni huyo alikuwa na jambo. Kila Jumamosi mchana aliaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, akachukua mkoba, akarudi jioni amechoka. Binti alinung'unika kwa baba yake. Hakudhani kuna mwanamke, alisema, maana mumewe hakuwa mtu wa mambo hayo, lakini alichukia kufichwa. Jumatatu moja, kwenye chai ya saa nne, Chujio akalitoa jambo hilo mbele ya msaidizi wake. Huyo alikuwa kanali mmoja mkimya ambaye kila mtu alimwita Kalamu, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila kalamu mkononi.

"Mkwe wangu siku hizi Jumamosi haonekani," alisema, akichovya mkate kwenye chai. "Nyumbani hasemi anakokwenda. Nahisi anatuuzia siri zetu huko."

Akacheka. Kalamu naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu wa cheo cha chini. Lazima ieleweke kwamba Chujio hakuwa mtu wa mizaha. Kwa mwaka alipata miwili mitatu, na akipata mmoja uliomkolea hakuuacha mpaka uishe utamu. Kwa hiyo kesho yake binti alipompigia baba yake simu garini, sauti ikisikika wazi, analalamika yaleyale, akaurudia: "Usihangaike mama, labda anatuuzia siri huko." Binti akacheka. Dereva, askari wa makamo aliyemwendesha kwa miaka kumi na miwili, aliendelea kutazama barabara.

Alhamisi ya wiki ile Chujio aliletewa majalada arobaini na mawili. Mojawapo lilimhusu Mhusika 318, afisa wa ngazi ya kati mwenye ujuzi wa vyombo vya mawasiliano. Taarifa ilisema hutoweka kila mwisho wa wiki, huificha familia yake mahali anapokwenda, familia ina wasiwasi, na inasemekana anauza siri za jeshi. Chanzo cha kwanza kilikuwa namba 74, herufi B. Cha pili namba 11, herufi C. Vyanzo havijuani, na kila kimoja kimeandika siku tofauti na mahali tofauti. Ilikuwa saa kumi kasoro na mgongo ulimuuma. Chujio aliangalia masharti kama alivyoyaangalia maelfu ya mara, akayaona yametimia, akaandika neno "Imethibitishwa" na saini yake yenye mkia mrefu. Pembeni aliongeza kwamba taarifa imeandikwa vizuri.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, binti akapiga simu.

"Baba, wamemchukua."

"Nani kamchukua nani?"

"Watu wanne, wana gari jeupe. Wamemkuta anapiga mswaki. Baba, hawakumwacha hata ateme mate. Mmoja amesema shikamoo, dada, halafu wakapekua mpaka kabati la mtoto."

"Wamesema wametoka wapi?"

"Hawakusema. Ila mmoja alikuwa na kile kitabu chenu cha buluu mfukoni."

Chujio alimwambia atulie, hilo ni kosa na litarekebishwa kabla ya chakula cha mchana. Alisema hivyo kwa uhakika kabisa. Kwa miaka thelathini na moja makosa ya namna hiyo yalikuwa yakirekebishwa na yeye.

Ofisini alipiga simu moja tu, akajibiwa kwamba aliyekamatwa ni Mhusika 318. Akafungua kabati lake mwenyewe, akatoa jalada, akakutana na saini yake yenye mkia mrefu. Akasoma. Alipofika kwenye maneno "anauza siri" alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena polepole. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake.

Daftari la vyanzo, lenye majina halisi nyuma ya namba, lilikuwa kwenye sefu, na funguo zake walikuwa nazo watu wawili tu, yeye na Jenerali. Alilifungua akijua tayari atakachokuta. Namba 74 alikuwa Kalamu. Namba 11 alikuwa dereva. Dereva wa kila afisa mkubwa alitakiwa kuandika anachosikia garini, na agizo hilo lilikuwa ukurasa wa kumi na nne wa Mwongozo. Watu wawili wasiojadiliana kazi, mmoja kasikia ofisini, mwingine garini, na wote wamelichota neno kwenye mdomo mmoja. Alikaa chini, akashika tama.

Akamwita Kalamu.

"Hili umeandika wewe?"

Kalamu alilitazama jalada bila kuligusa. "Ndiyo, Afande."

"Nilikuwa natania. Ulicheka."

"Nilicheka, Afande. Lakini Mwongozo unasema afisa akisikia neno linalogusa usalama, popote, kwa mtu yeyote, aliandike kabla jua halijazama. Niliandika. Fomu haina sehemu ya utani."

"Ungeniuliza, mwanangu. Ungefungua mlango huo ukaniuliza."

"Mwongozo unakataza kumuuliza ndugu wa mhusika, Afande. Ukurasa wa tisa."

Hakusema kwa kejeli wala kwa chuki, na hapo ndipo palipomuuma zaidi Chujio. Kalamu alikuwa afisa bora kuliko wote aliowafundisha. Uso wake ulionyesha huruma ya kweli, na mkononi, kama kawaida, alikuwa na kalamu.

"Na hilo jalada, Afande," alisema kwa upole, "naomba unikabidhi. Kuanzia sasa huruhusiwi kuligusa."

Akamkabidhi.

Saa sita binti alifika getini. Walimweka chumba cha wageni, chenye viti vinne vya plastiki na picha ya ramani ya nchi isiyokuwepo, iliyotundikwa ili kibao cha nje kiaminike. Alikuwa bado amevaa koti lake jeupe la duka la dawa, na mkononi ameshika kadi ndogo yenye picha ya mumewe.

"Nimeikuta ndani ya kiatu chake cha gwaride," alisema. "Baba, anasoma. Kila Jumamosi. Anasomea ufundi wa majokofu na viyoyozi, pale chuo kilicho nyuma ya stendi. Nimetoka huko sasa hivi. Mwalimu wake anamjua, ameniambia ndiye wa kwanza darasani. Bado miezi miwili amalize."

Chujio aliigeuzageuza kadi. Muhuri ulikuwa wa kweli, tarehe zilikuwa sawa, hata wino haukuwa na shaka. "Majokofu," alisema. "Sasa jambo kama hilo la kuficha lina nini?"

"Alitaka kuacha jeshi. Alikuwa anakuogopa wewe. Alisema, sijui, nadhani alitaka amalize kwanza, aje na cheti mkononi, ndipo akwambie. Mimi hakuniambia kwa kuwa anajua sikufichi kitu."

Chujio aliiweka kadi mfukoni, akamshika binti yake bega, akamwambia aende nyumbani akakae na mtoto, yeye ataingia kwa Jenerali mchana huo. Binti alimwambia, "Watakusikiliza, Baba. Wewe ndiye umewafundisha." Kisha akatoka, akaanza kutafuta usafiri upande usio na kivuli.

Kikao kilikuwa saa nane. Walikaa watu watatu: Jenerali, mtu mfupi aliyekaribia kustaafu na asiyetaka matatizo, kanali wa sheria aliyekuwa akila peremende muda wote, na Kalamu, ambaye alikuwa karani wa kikao na pia akikaimu nafasi ya Chujio, kwa kuwa Chujio alikuwa ndugu wa mhusika. Chujio hakupewa kiti cha mezani. Alipewa kiti cha mashahidi, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaona watu wakiyumba juu ya kiti kile na kudhani ni woga.

Akaanza na kadi. Aliieleza vizuri, chuo, mwalimu, darasa, miezi miwili iliyobaki. Kanali wa sheria aliitazama, akamwuliza imeletwa na nani.

"Na mke wa mhusika."

"Mke wa mhusika ni herufi gani?"

"F," Chujio alisema. "Mke siku zote ni F."

"Na ukurasa wa ishirini na sita wa Mwongozo, Brigedia, uniwie radhi, unasema mtu aliyeandaliwa vizuri na adui huwa na karatasi za kweli, za mahali pa kweli, na hupaendea kweli." Akaisukuma kadi kando kwa kidole kimoja. "Uliandika vizuri sana pale. Huwa nawasomea wanafunzi wangu."

Basi Chujio akapiga moyo konde, akatoa silaha aliyokuwa ameiweka ya mwisho. Alijua itamvunjia heshima. Alijua mtu aliyeishi kwa jina la Chujio hatakaa tena katika jengo lile baada ya kusema maneno hayo. Alikuwa tayari. Kumbukumbu ya mwalimu wa miaka ile ilimjia, na safari hii, alijiambia, yupo mtu wa kusema kwa wakati.

"Hakuna vyanzo viwili," alisema. "Kipo kimoja. Kanali huyu, msaidizi wangu, alisikia kwangu, kwenye chai. Dereva alisikia kwangu, garini. Chanzo ni mimi. Nilikuwa nafanya mzaha juu ya mkwe wangu, mzaha wa kijinga, na nikaurudia. Hakuna kingine chochote katika jalada hili. Mwongozo unataka viwili visivyojuana. Naomba kijana aachiwe, na mimi niwajibishwe."

Kanali wa sheria aliacha kutafuna. Jenerali alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, na kwa kitambo Chujio alihisi kifua kinafunguka.

"Kwa hiyo unachosema," Jenerali alisema, "ni kwamba habari hii haikutoka kwa dereva."

"Haikutoka kwake, Afande."

"Wala kwa msaidizi wako."

"Wala kwake. Ilitoka kwangu."

Jenerali alimgeukia Kalamu. "Dereva tulikuwa tumempa herufi gani?"

"C, Afande."

"Na wewe?"

"B."

"Brigedia je?"

Kalamu hakufungua daftari. Alimtazama aliyekuwa bosi wake, akatazama meza. "A, Afande. Ndiye A pekee tuliye naye."

"Rekebisha," Jenerali alisema.

Chujio alisimama bila kuruhusiwa. Alisema hata kama ni A, bado ni kimoja, na kimoja hakitoshi. Kanali wa sheria akamkumbusha kwa sauti ya chini, kama anayemsitiri, kwamba toleo la tatu la Mwongozo limeruhusu chanzo cha herufi A kisimame peke yake. Ilikuwa kweli. Alikiongeza mwenyewe kipengele hicho miaka minne iliyopita, baada ya Jenerali kuchoka kusubiri, na saa ile kilionekana kitu kidogo. Alisema basi nayakana maneno yangu, kwani chanzo chenyewe si kinakana? Akajibiwa kwamba kauli ya kabla ya kukamatwa ina uzito kuliko ya baada yake, hasa ndugu akishaingiwa na uchungu. Ukurasa wa thelathini na moja. Hawakumfokea. Jenerali alimwita "ndugu yangu" mara mbili, akamwambia aende akapumzike wiki nzima, na kwamba kapteni atapelekwa mahakama ya kijeshi, na mpaka siku hiyo hakuna wa kumwona.

"Mahakama hiyo," Chujio aliuliza, "imewahi kumwachia mtu aliyekuja na A?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Takwimu hizo zilikuwa zake.

Dereva alimfungulia mlango wa gari kama siku zote. Walikwenda mpaka kwenye taa za tatu za barabarani, ndipo dereva akasema bila kugeuka, "Mzee, mimi niliandika nilichosikia."

"Najua."

"Kama ningejua..."

"Endesha tu."

Chujio alitaka kulia. Macho yalimjaa maji, lakini akakumbuka kwamba akilia ndani ya gari lile, itabidi dereva aandike kabla jua halijazama. Akatazama nje, maduka, watu, mwanamke anabishana na muuza ndizi, mpaka wakafika.

Binti alikuwa sebuleni kwake, amemlaza mtoto kwenye kochi. Alisimama mara tu aliposikia mlango. Alitazama nyuma ya baba yake, kama anayetarajia mtu wa pili aingie.

"Yuko wapi?"

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Umewaonyesha kadi?"

"Nimewaonyesha."

"Umewaambia ni uongo?"

"Nimewaambia yote. Nimewaambia mpaka nikaharibu." Alivua kofia, akakosa pa kuiweka. "Hawamwachii, mama. Atapelekwa mahakamani, na huko sina mkono. Nimejaribu kila mlango. Sina mkono popote."

Binti akauliza lile ambalo baba yake alikuwa akiliogopa tangu asubuhi, na aliuliza kwa utulivu, kwa kuwa alikulia katika nyumba ya mtu wa kazi ile na alijua mambo yanavyokwenda. "Wewe hupitishi kitu mpaka waseme watu wawili. Ni akina nani hao wawili?"

"Wa kwanza ni mimi."

"Na wa pili?"

"Ni mimi."

Akamweleza. Hakupunguza kitu. Alimweleza chai ya Jumatatu na simu ya Jumanne, Kalamu na dereva, saini ya Alhamisi, na jinsi alivyokwenda kuungama ili amwokoe mtu wake akawa amemkazia kamba. Binti alisikiliza akiwa amesimama, koti jeupe bado mwilini. Baba yake alipomaliza, binti hakumtukana, hakulia, hakumwita jina lolote baya. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Simu ile ya Jumanne," alisema hatimaye. "Uliposema anatuuzia siri. Mimi nilicheka."

"Ulicheka, ndiyo. Ulikuwa mzaha."

"Hilo wameandika?"

Lilikuwa kwenye jalada. Mstari wa nne wa taarifa ya dereva ulisema mtu wa upande wa pili wa simu, mke wa mhusika, hakukanusha. Kikao kilikuwa kimeupigia mstari kwa wino mwekundu.

"Hapana," Chujio alisema. "Hilo halimo."

Binti alimtazama muda mrefu, akitafuta kwenye uso wake kama anasema kweli. Kwa miaka yake yote alikuwa na baba mmoja ambaye neno lake halikuhitaji la mtu wa pili. Akaitikia kwa kichwa. Akamnyanyua mtoto, akaomba atafutiwe teksi, maana gari lile hataki kulipanda.